Siku Kisiwa Kilipoondoka na Nyangeta

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa sijatimiza hata miaka miwili tangu niolewe hapa Makoko. Kwetu ni Butiama, kwa wafuga ng'ombe. Ziwa nimelijulia ukubwani, na mpaka leo samaki nakula lakini kuogelea sijui.

Katika mji ule wa wakwe zetu tuliolewa wawili, mimi na Nyangeta, mke wa mdogo wa mume wangu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na vidole vyake viliumbwa kwa kusuka. Mikeka yake ya mafunjo watu walikuwa wakiifuata kutoka Bunda. Yangu ilikuwaga inakunjamana pembeni kama sikio la mbuzi. Mama mkwe alimsifu Nyangeta asubuhi, akamsifu jioni, na kila sifa ilinichoma. Wahenga walisema hasidi hana sababu, ila mimi nilijiona ninazo tele. Hata akicheka nilidhani ananicheka mimi.

Siku hiyo tulishuka ziwani kukata mafunjo. Dhoruba ilikuwa imeleta kisiwa. Unavijua visiwa hivyo: mafunjo na matete yaliyoshikana mizizi na tope, yakang'oka kwenye kinamasi, yakawa yanatembea na upepo kama mifugo isiyo na mchungaji. Kile kilikuwa kimeegemea miamba, kikubwa kuliko kiwanja cha kanisa, na mafunjo yake marefu hayakuwa yameguswa. Nyangeta akarukia juu na panga lake. Mimi nikabaki mwambani, nafunga matita aliyonirushia.

Upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Nikaona maji yanatokea kati ya mwamba na kisiwa, kwanza upana wa kiganja, kisha hatua moja. Nyangeta alikuwa amenipa mgongo, anaimba wimbo wa kwaya. Ningemwita, angeruka. Nikanyamaza. Nilijiambia nataka alowe tu, arudi na tope, mama mkwe amwone. Alipogeuka, kisiwa kilikuwa kimeshaenda mbali, na maji yale ni ya mamba. Aliniinulia mkono. Nikajitwika tita langu, nikaondoka.

Nyumbani nikasema nimemwacha kwenye matete, bado anakata.

Mchana ukaingia hajarudi. Wanaume wakaenda kumtafuta kwenye matete, wakapita huku na huku wakiita. Nyangeta alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto akaanza kulia njaa. Mama mkwe akaja kunipakatisha yule mtoto, kwa kuwa na mimi nilikuwa nanyonyesha. "Mama Magesa," akaniambia, "mpe ziwa. Leo wewe ndiye mama yake."

Akanyonya, mwanangu, huku amenishika kidole. Hapo nilivunjika.

"Mama, hayuko kwenye matete," nikasema. "Yuko juu ya kisiwa. Nilikiona kinaondoka, nikanyamaza."

 Akatoka mbio kwenda kuwaita wanaume, wakaingiza mitumbwi miwili majini.

Walimkuta mbali sana, amesimama kwenye tope hadi magotini, panga mkononi, na chatu amejikunja hatua chache kutoka alipo. Jua lilikuwa linaelekea kushuka walipomfikisha. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo, akanikumbatia. "Nilipokuona unaondoka nilijua umekwenda kuita watu," akasema. "Nikajipa moyo, Mama Magesa hataniacha."

Mama mkwe alikuwa amesimama pale. Angeweza kusema, lakini aliniachia mwenyewe. Mficha uchi hazai. Nikamwambia Nyangeta yote. Akaniachia mikono, akamchukua mtoto wake, akaingia ndani.

Baadaye mama mkwe akaniita jikoni. Hakunipigia kelele. "Yule hana mama," akaniambia. "Nisipomsifu mimi, nani atamsifu? Wewe mama yako yuko Butiama, kila mavuno anakuletea ulezi. Ulikuwa unamwonea wivu yatima." Niliinama, machozi yakadondokea majivu.

Nyangeta alikaa miezi akinisalimia kwa adabu tu, kama anavyosalimiwa mgeni. Sikumlaumu. Halafu Magesa wangu akaugua surua, mume wangu yuko safarini, nami mwenyewe homa imenilaza. Nyangeta hakungoja kuombwa. Alimfunga mtoto mgongoni akatembea naye mpaka hospitali ya mjini, akakaa naye siku tatu. Tangu hapo tulianza kuongea tena, kidogo kidogo, mpaka nilipomzika mwaka juzi nikilia kama nimefiwa na dada wa tumbo moja.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu nimekuona unavyonuna ukitazama picha za mwenzako kwenye simu. Wivu humjia kila mtu, usijione mchawi. Ila ukikujia, useme mapema kwa mtu anayekupenda, wivu wenyewe ungali mdogo. Mimi ningemuuliza mama mkwe kwa nini anamsifu Nyangeta peke yake, angenijibu siku ileile. Na ukimwona mwenzako yuko hatarini, hata yule usiyempenda, paza sauti kwanza. Hayo ya moyoni utayashughulikia akishafika nchi kavu.

Mungu akupe jicho linalofurahia neema ya jirani. Akujalie na wewe mtu wa kukubebea mwanao siku utakapoelemewa, na akufanye uwe mtu huyo kwa wengine.