Pengo la Jirani

Kila alasiri jirani wa Saturnino huketi ukutani, blanketi la alpaka mabegani, macho ya njano kama mahindi, filimbi za matete mapajani. Huku kando ya ziwa Titicaca filimbi hizo hupigwa na wawili: kila mmoja ana nusu ya sauti, na wimbo hukamilika wakipokezana. Wao ni jozi tangu ujana.

"Kinga ya mwili wangu inaua chembe nyekundu za damu yangu mwenyewe," husema jirani, akiyapangusa matete kwa kidole gumba. "Hewa naivuta, lakini haina mchukuzi."

Saturnino hupiga nusu yake tu, na kila penye pengo jirani hugonga goti kwa kidole. Leo, kwa huruma, Saturnino alikuja na filimbi za pande zote mbili, akapiga wimbo mzima peke yake. Kidole kikakoma.

"Bwana wee, umenikalia kiti! Kwani nimekufa?"

Saturnino aliweka filimbi moja chini, akaanza upya. Pengo lilipofika, jirani aliinua matete hadi midomoni, akapuliza. Hakikusikika kitu. Saturnino akangoja mpaka sauti ile iishe, ndipo akaijibu.