Nyundo ya Shangazi

Shangazi yangu husoma miamba. Hupima kwa dira tabaka za mawe mlimani zinainamia wapi, hulinganisha na vipimo vya visima virefu, kisha huchora bonde la kale lililofukiwa ardhini. Safari hii vipimo vilikataa kupatana, na bosi alisema mchoro usipofika kesho jioni, kazi atapewa mwingine.

Usiku huo alikuja kula kwetu amenuna. Mama akamtania, "Wifi, hata mezani hiyo nyundo yako mpya ya kuvunjia mawe iko kiunoni? Umeolewa nayo?"

Shangazi akaacha kutafuna. "Mungu wangu! Chuma hiki kimekuwa kikivuta sindano ya dira wiki nzima!"

Alfajiri alirudi mlimani, nyundo akaiacha kwetu. Adhuhuri akapiga simu, anacheka: mawe na visima vimekubaliana.

Jioni mchoro ulifika kwa bosi. Nyundo aliifuata Jumapili, akaivaa palepale mlangoni.