Sauti ya Elia

Nakumbuka siku niliyoifuta sauti ya Elia, na hadi leo nikiifikiria naona haya. Kaa hapa, mwanangu, nikusimulie kabla hujamwacha mwenzako ukachane mistari ya rap peke yako.

Mimi ni wa Kihesa, mjini Iringa. Elia alikuwa wa Rujewa, akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Tulichana kwa kupokezana: yeye anaanza mstari, mimi namalizia. Nikimtembelea kazini, mashine ikinguruma, mdundo tumeupata bure! Hata wabeba magunia walituitikia.

Basi tukaenda kurekodi studio moja ya Mbeya. Tulipomaliza, Elia akawahi kurudi kazini, na mwenye studio akaniambia, "Lafudhi ya mwenzako watu wa Dar wataicheka. Chana wewe yote." Nami kichwa kikavimba, nikairudia mistari ya Elia kwa sauti yangu.

Wimbo ukapigwa redioni. Nikaenda Rujewa kifua mbele, mjinga mimi! Elia alizima mashine. Mama yake, aliyekuwa akipepeta mchele pale, ndiye aliyenisuta.

"Idi mwanangu, umekula kwangu mara ngapi? Mwenzio alikosea, au ulimwonea haya kwa kuwa anaongea kama mimi?"

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikamwomba Elia radhi mbele ya wabeba magunia wote. Kesho yake tukarudi Mbeya wawili. Mwenye studio akagoma: sauti yangu pekee, au tuondoke. Tukaondoka. Tukarudi Rujewa, tukarekodi palepale mashineni kwa redio ya kaseti, Elia na lafudhi yake, mngurumo na yote. Kanda hiyo ilizunguka kwa mkono, Madibira mpaka Iringa. Ule wimbo wa studio nani anaukumbuka?

Elia ametangulia mbele ya haki. Juzi nimepita Kihesa, nikawakuta wasichana wawili wanasukana nywele, mmoja anaanza mstari wetu, mwenziwe anamalizia. Yule anayeanza alikuwa akiuchana kwa lafudhi ya Elia, ileile ya kwao Usangu. Nililia barabarani, wala sikuficha.

Nakuusia, mwanangu: kidole kimoja hakivunji chawa. Atakayekwambia mwenzako anakushusha, muulize yeye amekupandisha wapi. Simu unayo, mpigie sasa hivi, mimi nimekaa hapa nasubiri. Mungu awape pumzi ndefu nyote wawili, na kila mstari atakaouanza mwenzako ukukute upo uumalizie.