Kidonda Nilichokataa Kushona

Nilipostaafu jeshi nilidhani nitafuga kuku wangu pale Musoma na kulala usingizi wa mtu asiyesubiri kuitwa. Kuku walinichosha ndani ya mwezi mmoja, maana hawafuati amri. Nikakubali kazi ya mkataba ya udaktari katika kituo kimoja cha afya huko Butiama, chenye chumba kidogo cha upasuaji na taa nzuri kuliko nilizozoea kwenye mahema. Wauguzi waliniita "Afande" mbele yangu. Nyuma yangu sijui waliniitaje, ila najua nina ulimi mkali.

Asubuhi moja wachimbaji wa Buhemba walimleta mwenzao kwa pikipiki, mtindo wa mshikaki, majeruhi katikati. Jiwe lilikuwa limemwangukia shimoni. Mfupa ulikuwa mzima, lakini nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, ilikuwa imechanika na kujaa tope. Nilimpa dawa ya usingizi, nikakata nyama iliyokufa, nikaosha kwa maji ya dripu chupa baada ya chupa. Kisha nikajaza shashi safi na kufunga bandeji juu yake. Sikushona.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa jeshini. Kidonda cha vita, chenye tope na vumbi, hakishonwi siku ya kwanza. Unakisafisha, unakiacha wazi ndani ya bandeji siku nne au tano, na ukikikuta chekundu na safi ndipo unakifunga. Ukikiwahi, unafungia uchafu ndani nao utakula mguu. Mimi jambo hili sikulisoma tu. Nikiwa bado msichana, kwenye ulinzi wa amani nchi ya jirani, nilimshona askari siku ileile kwa sababu alinibembeleza, na kwa sababu nilitaka kusifiwa mishono yangu. Wiki iliyofuata mguu wake ulikatwa. Niliushika mimi mwenyewe wakati unakatwa, na sijajisamehe mpaka leo.

Mchana alifika mke wa mchimbaji kutoka Bunda. Alikuwa fundi cherehani, na alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mashine yake, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Shikamoo mama. Wameniambia hujamshona."

"Marahaba. Sijamshona."

"Uzi umewaishia?"

"Uzi upo."

"Kumbe hapa watu mnawaachaga wazi na uzi mnao?"

Nilimweleza. Nilipoona haniamini nikatoa mfano niliouona mzuri sana. "Wewe ni fundi. Ukiletewa suruali imechanika na ina matope, unashona kwanza au unafua kwanza?"

"Nafuaga kwanza," akasema. "Ila mguu sio suruali, mama. Huu hana mwingine."

Wodi nzima ilicheka, mumewe akiwamo, na mimi nikanuna kama mtoto.

Siku mbili tulipigana vita. Alimletea mumewe ugali wa muhogo na samaki, akakaa kando ya kitanda, na kila nilipopita aliuliza kwa sauti ya upole, "Leo je?" Jioni ya pili aliniambia yupo mtu Bunda anayeshona kidonda chochote kwa nusu saa, na kwamba kesho shemeji yake angekuja na gari kumchukua mgonjwa. Nikamjibu kwamba geti haliko mbali. Nikaingia ofisini kwa hasira na kwa hofu. Nilijua huyo mtu wa Bunda angeshona, angesifiwa, na mguu ule ungeoza.

Asubuhi ya siku ya tatu mgonjwa alikuwa na homa na bandeji inanuka. Gari lilikuwa limekwisha kufika nje. Nikamwambia mkewe kwamba kabla hajaenda popote lazima nifungue kidonda niangalie.

"Ukifungua, na mimi naingia."

Utaratibu unakataza, nami nilikuwa mtu wa utaratibu maisha yangu yote. Lakini nilichoka kubishana. Nikampa gauni na barakoa, nikamwonya kwamba akizimia hatuna mtu wa kumwokota.

"Mimi sianguki," akasema, na kweli hakuanguka.

Mgonjwa alipolala nilifungua. Juu kidonda kilikuwa chekundu, kizuri kabisa. Lakini chini kabisa, katikati ya misuli miwili, usaha ulitoka nilipoingiza kidole. Nikapeleka koleo taratibu, nikavuta kitu cheusi kilichokunjika, nikakiweka kwenye trei. Kilikuwa kipande cha jinzi, urefu wa kidole gumba.

Fundi aliinama akakitazama.

"Huo uzi wa njano ni wangu," akasema. "Hicho kiraka cha suruali yake nilikiweka mimi, wiki iliyopita tu."

Niliosha upya, safari hii mpaka mkono ukafa ganzi. Fundi alipotoka nikamsikia akimwambia shemeji yake getini, "Rudi tu Bunda. Huyu hashonwi mpaka mama aseme." Nilikaribia kucheza ngoma na gauni langu lenye damu.

Homa ilishuka kesho yake. Baada ya siku tano nilishona, na jioni yake fundi akaja kukagua.

"Hapa umevuta sana, mama. Na hii mishono hailingani."

"Hii si sketi."

"Naona. Ingekuwa sketi ningekurudishia."

Siku ya kuruhusiwa, mchimbaji alitoka kwa gongo moja, mguu ukikanyaga chini, akitaniana na wenzake waliokuja kumchukua. Furaha ile ilinikaa vibaya. Nikamfuata mkewe alipokuwa anafunga vyombo vyake kwenye kanga.

"Kile kitambaa nilikiacha mimi," nikamwambia. "Siku ya kwanza nilikwambia nimesafisha, kumbe sikufika chini. Ile homa ilikuwa kosa langu."

Nilingoja anilipukie. Nilistahili.

"Nilijua, mama," akasema, akikaza fundo. "Siku ileile. Kwani nani mwingine aliosha?"

"Mbona hukusema? Wewe uliyenipigia kelele siku mbili nzima!"

"Siku ile benchi ya nje ilikuwa imejaa watu wanangoja uwapasue. Ningesema pale, nani angekubali kuingia?"

Nimeamrisha watu miaka mingi. Nikauinua ule mzigo wa vyombo, nikaubeba mwenyewe mpaka barabarani, nikilia mbele ya wauguzi wangu wote.