Nilivyowaimba Ng'ombe wa Baba

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyamaze. Nilikuwa nimeteremka kwenye lori la magunia pale Misunkumilo, mjini Mpanda, vumbi mpaka kwenye kope, na sauti nilikuwa nimeinoa njia nzima juu ya mahindi ya watu. Manju Mkuu, kiongozi wa kundi la ngoma, akaniangalia kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwani. Akasema, "Kaa pale, karibu na ngoma kubwa. Leo usiimbe. Sikiliza wimbo unapumua wapi."

Nilikaa nimenuna. Nilitoka kijijini nikijua mimi Kabula ndiye mwimbaji, binti ambaye akiimba kisimani watu wanasahau ndoo. Lakini kufika alasiri nilikuwa nimeelewa. Kila wimbo una mahali ambapo kiongozi anavuta pumzi, na hapo ndipo waitikiaji wanapoingia. Ukiwahi, umemkanyaga. Ukichelewa, wimbo umeanguka chini na ngoma imebaki ikipigwa peke yake. Nilirudi kulala kwa shangazi yangu kule Makanyagio nikiwa nahesabu pumzi za watu barabarani, shangazi akadhani nina homa.

Nyie wajukuu mnaoimba mkiwa mmekaa mbele ya kompyuta, ngoja niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya tu ndani ya mkoa wa Rukwa. Sisi Wasukuma tulioshuka huku na mifugo tulikuja na ngoma zetu. Kundi lilikuwa chini ya manju. Manju ni mtunzi, mwimbaji kiongozi na jemadari, vyote katika kichwa kimoja, ndiyo maana vichwa vya mamanju wengi vilikuwa vikubwa. Chini yake walikuwepo wapiga ngoma, wachezaji wenye njuga miguuni, na sisi waitikiaji. Spika yetu ilikuwa ya pembe, inafungwa juu ya mti na kuendeshwa kwa betri ya gari. Betri ikichoka, mnabaki na vifua vyenu.

Msimu wetu ulianza mavuno yakishaingia ghalani, maana mtu mwenye njaa hachezi. Hapo ndipo yalipokuja mashindano. Makundi mawili yanapewa uwanja mmoja, kila moja upande wake, yanaanza kwa pamoja. Jaji hayupo. Watu wenyewe ndio majaji, na kura yao ni miguu. Wakikupenda, wanahamia kwako. Wakikuchoka, wanakupa visogo na kwenda kwa mwenzako, mpaka unabaki unasikilizwa na shemeji zako tu. Na upande ukikaa kimya, hata kwa muda wa kumeza maji, umeshindwa hapo hapo. Mpaka leo nikisimulia haya mikono yangu inatafuta kitu cha kupiga.

Baba yangu, Mzee Masanja, hakupenda. Alikuwa mfugaji mwenye zizi kubwa na maneno machache. Kabla sijapanda lile lori nilimwomba kwa miezi, mama akamwomba kwa niaba yangu, shangazi akaja kutoka mjini kumwomba kwa niaba ya mama. Mwishowe akaniita zizini.

"Ng'wanone," akasema, hivyo ndivyo alivyoniita, mwanangu, "nakupa msimu mmoja. Nenda uimbe. Lakini siku nitakayosikia jina la nyumba hii linatajwa vibaya uwanjani, siku hiyo unarudi, na hutaimba tena hata kwenye harusi ya mdogo wako. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Mwaka ule nilikula, nililala na niliamka nikiimba. Tuliimba Misunkumilo, tukaimba Makanyagio mbele ya duka la kanda, ambako kijana mwenye duka alirekodi kwa redio yake na wiki iliyofuata nikajisikia mwenyewe natoka dirishani. Nilisimama njiani kama mtu aliyeona ndugu yake aliyepotea. Kabla msimu haujaisha, Manju Mkuu alinifanya kiongozi wa waitikiaji, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya wanaume. Aliyenipisha alinuna wiki nzima, kisha akawa rafiki yangu.

Ndipo Afisa Utamaduni wa wilaya alipokuja na kaunda suti yake iliyopigwa pasi. "Sikukuu ya wakulima mtakwenda Mishamo," akatuambia. "Na wale wapinzani wenu wa ng'ambo ya reli nao wanakwenda. Nyie ni makundi mawili, uwanja ni mmoja. Msiniangushe."

Mishamo ilikuwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, watu waliokuta msitu na kuufanya mashamba. Kuingia kulitaka kibali, na Manju Mkuu alikishika mkononi njia nzima ili kisikunjwe. Lori lilipita msituni, mbung'o wakatuuma mpaka wachezaji wakaanza kucheza kabla ya ngoma. Mkuu wa Makazi alitupokea vizuri na kutugawa kwenye nyumba za wenyeji. Mimi na wasichana wenzangu tulipelekwa kwa Mama Spesioza, mama mmoja mrefu, mpole, mwenye sauti nzito ya kwaya ya kanisani.

Alitupikia ugali na maharage, akatuwekea maji ya kuoga. Asubuhi nilimfuata kisimani, tukapita kwenye shamba lake. Nusu ya mahindi, yale aliyochelewa kuyavuna, yalikuwa yamelala chini, yametafunwa, yamekanyagwa.

"Nani amefanya hivi, mama?"

"Ng'ombe. Wiki iliyopita. Mchungaji alikimbia, hatukumjua." Akainama kuinua bua moja, akaliacha tena. "Mbele lilikuwepo dume kubwa, la pembe moja. Hilo nikiliona hata Kigoma nitalijua."

Lile dume nililijua tangu ni ndama, na kiangazi mchungaji wa baba huwapeleka ng'ombe malisho ya upande huu. Pembe ya pili ilivunjikia kwenye mlango wa zizi letu nikiwa nimeshika kamba. Nilibeba ndoo ya yule mama pamoja na yangu mpaka nyumbani kwake, na uji alionipa sikuweza kuumaliza. Aibu niliyoiona siku ile ilikuwa ya kweli.

Mchana uwanja ulijaa. Walikuwepo wenyeji wa Mishamo, vijiji vyote, baiskeli zimelazwa kama samaki wa kuanikwa. Walikuwepo Wakonongo na Wabende waliotoka mbali. Na chini ya turubai la wageni nilimwona baba, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alikuwa amekuja kunikagua.

Tulianza vizuri. Lakini lazima niseme habari ya dawa. Mamanju wengi waliamini dawa ya mvuto, ya kuvuta watu, nayo hufukiwa kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Manju Mkuu wetu alifukia yake asubuhi, akajisikia salama kupita kiasi. Basi akaanzisha wimbo wake wa majigambo ya ng'ombe. Usukumani wimbo ule ungeamsha wafu. Ungesifu mapaja, pembe, wingi wa maziwa, na watu wangerusha kofia. Na kwa kuwa wenyeji hawakujua Kisukuma, akawafanyia hisani ya kuutafsiri: asiye na ng'ombe, akaimba kwa Kiswahili safi, na anyamaze wenye ng'ombe wakipita.

Aliwaimbia hayo wakulima ambao mahindi yao bado yalikuwa yamelala chini.

Hakuna aliyezomea. Waligeuka tu. Kwanza kina mama wenye watoto mgongoni, kisha wazee, kisha uwanja mzima ukaanza kumiminika kwa wapinzani wetu, ambao manju wao, mnene, mwenye meno mazuri, aliwapokea huku akicheka. Mama Spesioza alikuwa miongoni mwao. Alinitazama mara moja, akaenda.

"Dawa imefukuliwa," Manju Mkuu akasema, jasho likimtoka. "Kuna mtu amefukua dawa yangu." Akakibwaga kipaza sauti juu ya ngoma na kukimbilia kwenye njia ya kuingilia, huko akapiga magoti na kuanza kuchimba kwa mikono.

Mpiga ngoma kubwa akanitazama. Upande ukinyamaza umeshindwa, na sisi tulikuwa tumebakiwa na ngoma peke yake, nayo inafifia. Nilikuwa na nyimbo nyingi kichwani, tamu, za mapenzi na za mvua. Ningeweza kuimba yoyote. Lakini kila nilipofungua mdomo nililiona lile bua aliloliinua yule mama. Nikamtazama baba chini ya turubai. Nikashika kipaza sauti.

*Mahindi ya nani yale, yamelala kabla ya mvunaji?*
*Kwato za nani zile, zimechora njia shambani?*
*Msitazamane jamani, mwenyewe nitawatajia:*
*ni wale, ni wale wa baba.*

Wenzangu waliitikia bila kuelewa, mwitikiaji mzuri haulizi. Nikaenda ubeti wa pili, nikalitaja dume la pembe moja. Hapo mtu mmoja upande wa pili akageuka. Ubeti wa tatu nikajitaja: mimi Kabula wa Masanja, niliyekula ugali wa mwenye shamba, nikaoga maji ya mwenye shamba, na ng'ombe waliokanyaga shamba hilo, ni wale, ni wale wa baba. Mama Spesioza akasimama. Akaweka mkono kiunoni, akasikiliza, kisha akasema kwa sauti kubwa, "Ego," ndiyo kwa lugha yao, na akaanza kurudi. Watu wakamfuata. Nawaambieni wajukuu, hakuna kitu duniani kinachofanana na kuona uwanja unarudi kwako. Ardhi yenyewe inatingishika. Nilikuwa nalia na kucheza kwa wakati mmoja.

Halafu baba akainuka.

Aliingia uwanjani na fimbo yake, na watu wakampisha, maana walishaambiana ni nani. Mpiga ngoma akapunguza mkono, akabaki anagusagusa tu ngozi ili tusihesabiwe tumenyamaza. Baba akasimama mbele yangu. Nikajua msimu wangu umekwisha na mingine yote pamoja nao.

Akawageukia watu, akavua kofia. "Anasema kweli," akasema. "Ng'ombe ni wangu. Mchungaji alinificha, lakini ng'ombe ni wangu." Kisha akanisogelea, na maneno haya niliyasikia peke yangu, "Umenivua nguo mbele za watu. Sasa uimbe vizuri, ng'wanone. Ukishindwa, nitakuwa nimevuliwa bure."

Niliimba. Sijui nyie mkoje, lakini mimi siku ile niliimba mpaka spika ya pembe ikakata, na hatukujua imekata, kwa sababu uwanja wote ulikuwa unaitikia. Upande wa wapinzani alibaki manju wao na ng'ombe mmoja aliyepotea njia. Hata yeye, yule manju mnene, mwisho alikuja akasimama nyuma akitingisha kichwa.

Katikati ya shangwe ile Manju Mkuu alirudi, magoti udongo mtupu, ameshika kifurushi cha kitambaa. Akatazama umati, akatazama kifurushi, akatabasamu. "Nilijua tu," akaniambia. "Nilikuwa nimeifukia kichwa chini." Hakubadili maelezo hayo mpaka anaingia kaburini, na mimi sikumbishia, alikuwa mkubwa wangu.

Wiki iliyofuata baba alimswaga mtamba mmoja mzuri mpaka kwa Mama Spesioza, akakaa kwake mpaka jioni wakizungumza habari za mbolea. Akahamisha njia ya mifugo ikapita mbali na mashamba. Habari ya kurudi nyumbani hakuitaja tena. Sisi tulipanda treni, ile ya mchanganyiko ya abiria na mizigo, tukaimba Kaliua, kisha kwa malori tukaimba Inyonga na Karema, na miaka michache baadaye Manju Mkuu alinikabidhi kundi. Popote tulipopiga, baba akiwepo, angepenyeza kichwa kati ya watu na kuuliza, "Ule wangu hamwimbi leo?" Wilaya nzima ilimjua kwa wimbo wa kumsema, na alitembea nao kama mtu aliyepewa cheo.

Niliacha kazi koo lilipoanza kuchelewa. Hakuna barua ya kustaafu katika kazi yetu. Siku moja unatafuta sauti ya juu, unaikosa, unamkabidhi mwingine kipaza sauti. Sijutii hata safari moja, hata mbung'o sijutii. Wakiniuliza vijana siri ya kuvuta watu ni dawa gani, nawaambia waende kwanza kisimani na mwenye shamba.

Baba alipofariki, niliombwa niimbe msibani, nikakataa. Kwetu mfiwa hasimami kuimba. Tulikuwa tumekaa uani, ngoma kubwa ya kundi imeegemezwa ukutani, watu wengi, maneno machache, tukasikia kengele za baiskeli nyingi njiani. Walikuwa watu wa Mishamo. Mama Spesioza, mzee kabisa, amebebwa na mjukuu wake kwa baiskeli, na mapajani amepakata kibuyu cha maziwa kutoka kwa ukoo wa yule mtamba. Akashuka, akasimama mbele ya nyumba, hakuniomba ruhusa. Akaanza kwa ile sauti yake nzito ya kanisani: mahindi ya nani yale, yamelala kabla ya mvunaji?

Nilikuwa nimekaa karibu na ngoma kubwa. Nikanyamaza, nikasikiliza. Wimbo ulipopumua, nikaitikia.