Stroke ilichukua maneno yangu, wakataka na meza yangu ya samaki

Wakuu, nawasalimu wote: wa upande wa Kenya, wa Uganda, na nyie wa Tanzania mnaokicheka Kiswahili chetu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Anayeona ni chai alete kikombe anywe, sina muda wa kumbembeleza. Nimeandika kwa kidole cha mkono wa kushoto, na binti yangu Nabwire amerekebisha herufi tu. Mkikuta hasira humu ndani, hizo ni zangu.

Mimi ni mjane, nyumbani ni Dabani, nauza samaki wakavu sokoni Busia upande wa Uganda. Mukene hasa, wa kutoka Majanji ziwani. Wakenya wanaita omena, Watanzania dagaa. Meza hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wangu baada ya baba yao kufariki.

Asubuhi moja nafunga gunia, mkono wa kulia ukalegea. Nikataka kumwita jirani, mdomo ukaenda upande, ikatoka sauti bila neno. Kuna mama alitaka kunichoma ulimi kwa sindano eti damu mbaya itoke. Nashukuru wenzake walimzuia, wakanikimbiza hospitali, nako wakasema ni stroke, kiharusi.

Mguu ulirudi. Mkono ulirudi nusu. Maneno ndiyo yaligoma.

Niwaeleze hali hii maana wengi hamuijui. Akili iko sawa. Nakuona, nakujua, na ukiniibia najua. Lakini natafuta "chumvi" linakuja "kiatu", au haliji kabisa.

Watu wakiona hivyo wanakugeuza mtoto. Wanamuuliza Nabwire kama nimekula, na mimi nimekaa hapo hapo nawaangalia. Wengine wanakumalizia sentensi, tena kwa maneno ambayo hukuyataka. Hilo liliniuma kuliko mkono.

Sasa tuje sokoni. Kwetu mwenye meza akiugua, ndugu anamshikilia. Ikipita muda, wauza samaki wanakaa kikao na kumuuliza mwenye meza kama anarudi. Anajibu mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wenzake. Hakuna kutuma mtu, kwa sababu zamani watu walikuwa wanajifanya wametumwa na wagonjwa halafu wanabaki na meza. Asipojibu, meza inabaki kwa aliyeishikilia.

Ni utaratibu mzuri sana, mpaka siku utakapokosa mdomo.

Aliyenishikilia mimi ni Jesca, mke wa shemeji yangu Egesa, mdogo wa marehemu mume wangu. Mwanzoni nilimshukuru kwa moyo wote. Baadaye nikasikia anawaambia wateja kwamba mimi nimeachana na biashara.

Egesa naye akaja nyumbani kunishauri nipumzike. Alisema mtu asiyeongea hawezi kuuza, na kwamba mikono ya Jesca ni sawa na yangu. Nilipofungua mdomo kumjibu, akageuka kwa upole kabisa, akamwambia Nabwire, "Mama anasema ni sawa."

Sikusema ni sawa. Nilikuwa natafuta neno la kumfukuzia.

Nabwire anafundisha shule ya msingi Mukuju. Akanipeleka Tororo kwa mtaalamu wa mazoezi ya kuongea, dada mmoja mpole ambaye hapatikani kila siku. Ndiye aliyetuwekea app kwenye simu. Inakuonyesha picha, unataja jina, yenyewe inasikiliza. Ukipatia inawaka kijani, ukikosea inaweka msalaba mwekundu. Alituambia nifanye kidogo kidogo lakini mara nyingi, na nisikimbizane na alama.

Tukatoka pale tukakimbizana na alama.

App ilikuwa ya Kiingereza, na hapa tulikosea kosa la watu wa kwetu. Kiingereza ni cha shule, Kisamia ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni, cha kuvutana bei na Wakenya. Nani atibiwe kwa lugha ya sokoni? Mimi na mwanangu tulikubaliana kabisa kwamba kichwa kinachoumwa kipewe lugha ya heshima.

Basi nikawa nakaa na picha za vitu ambavyo sijawahi kuvigusa. Mtu aliyetengenezwa kwa theluji. Mashine ya kuchomea mkate. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nililia mbele ya simu, wakuu, siwafichi.

Siku moja Nabwire alichoka kuniona hivyo, akanyakua simu akataja neno yeye mwenyewe, mwalimu, mzima wa afya. Nyekundu. Akarudia taratibu. Nyekundu tena. Tukatazamana, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kumbe app ilikuwa haijazoea midomo ya watu wa huku, na mimi nilikuwa naihesabu kama hakimu.

Lakini maneno bado hayakuwepo. Na kikao kilikuwa kinakaribia.

Nikamsumbua Nabwire kwa ishara mpaka akanipeleka nikaone meza yangu. Jesca alinipa kiti huko nyuma kwenye magunia. Nikakaa. Akaja mama mmoja kutoka Kenya, mteja wangu wa zamani, hakuniona. Akaanza kuvunja samaki wa moshi kuangalia kama wamekauka ndani. Anavunja, anaweka chini, anachukua mwingine. Jesca anamtazama tu.

Damu ilinipanda.

"Wewe mama, usivunje-vunje hiyo samaki. Nunua kwanza."

Ni mimi niliyesema hivyo. Sentensi nzima, haina kiraka. Jesca aligeuka akaniangalia. Yule mteja akashika kiuno, "Ai, si walisema huyu mathe haongei?"

Nilitaka kumjibu, maneno yakapotea tena. Lakini nilikuwa nimeshajua yalikojificha: kwenye Kiswahili cha sokoni.

Mtaalamu hakushangaa. Alisema maneno uliyoyasema maisha yako yote, nyimbo, hata matusi, mara nyingine yanatoka wakati mengine yamekwama, na tunaweza kupanda juu yake. Akatuonyesha app nyingine ambayo unaweka picha zako na sauti zako. Nabwire akapiga picha soko zima: mukene, mzani, gunia, chumvi, debe, meza. Wauzaji wenzangu wakatutumia voice notes, kila mmoja na neno lake. Mtaalamu akanifundisha kugonga paja kwa mkono wa kushoto huku naimba neno kwanza, kisha nalisema.

Na mimi nilikuwa na wimbo tayari, ule wa kuitia wateja. Nikagonga, nikaimba, nikasema. Nikifua, naimba. Nikipalilia kwa mkono mmoja, simu iko mfukoni inaongea. Egesa akapita akaniona, akawaambia watu mke wa kaka yake sasa anacheza michezo ya watoto kwenye simu. Nikamwacha aseme, yeye ana maneno ya bure.

Siku ya kikao Nabwire aliniwekea tahadhari. Kuna sehemu kwenye simu unaandika, inasoma kwa sauti. Aliandika maneno yangu vizuri, nikikwama nibonyeze tu.

Mwenyekiti akaniuliza kwa heshima, "Mama Nabwire, unarudi kwa meza yako ama unaiacha?"

Nikasimama. Neno "meza" nililolifanyia mazoezi kuliko yote likakataa. "Me... me..." Watu wakaangalia chini. Mkono ukaenda kwenye simu.

Egesa akacheka kidogo. "Simu nayo iko na meza hapa?" Halafu akamgeukia mwenyekiti kwa upole wake ule ule. "Huyu mama anataka kusema amechoka."

Nikaitia simu kwenye mkoba, nikafunga zipu.

Nikaanza kugonga paja. Kuna waliodhani nimechanganyikiwa. Nikaimba, mbele ya watu wazima wote wale, kikaoni: "Mukene kavu, mukene ya Majanji, kuja uone." Mtu nyuma akacheka. Nikarudia. Mara ya pili wale kina mama wa mukene wakaitikia, maana sote tunaitia wateja kwa wimbo huo huo. Na mwishoni mwa wimbo, kabla ulimi haujagundua, nikapita na lile neno.

"Meza ni yangu. Narudi."

Egesa akafungua mdomo. Nikamnyooshea kidole cha kushoto.

"Na wewe, usinimalizie."

Mwenyekiti akasema wamesikia, kikao kikahamia kwenye mambo ya choo cha soko. Hivyo tu. Nilikaa chini nikalia, safari hii bila aibu.

Jesca bado tunasalimiana. Kuna siku ananisaidia kubeba gunia, nami nampa mukene wa kupika. Egesa haji.

Nilichojifunza, kwa wenye wagonjwa. Mtu akipinda mdomo ghafla, hospitali, na sindano ibaki kwenye cherehani. App inasaidia, lakini iwe na maneno ya maisha ya mgonjwa, kwa lugha aliyozoea kuvutania bei, si ile mnayoona inapendeza mbele ya wageni. Na mkikaa naye, mngojeni. Najua kungoja kunachosha. Kungojwa na mtu anayeangalia saa kunachosha zaidi.

Ile app ya kwanza bado ninayo. Juzi niliifungua, ikaniletea picha ya meza ikitaka niitaje kwa Kiingereza. Nikaiambia, "Meza yangu." Nyekundu. Nikaizima nikaenda kuuza samaki.

Ambaye amepitia haya, au ana mzazi aliyekaa kimya nyumbani, aandike hapa chini. Wa kupinga naye aje. Nitawajibu wote, taratibu, neno moja baada ya jingine, na mtu asinimalizie sentensi.