Fito Nilizozipima Mimi

Fundi aliyenisaidia kujenga antene yangu ya kwanza ya Yagi, ile ya fito zilizopangwa sambamba, alikuwa na kibanda Mahoko, nyuma ya soko. Alikuwa amefunga antene za televisheni kwenye mapaa mengi ya Gisenyi, na kompyuta hajawahi kuigusa. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapo Gisenyi, nimekulia Karagwe. Nilikuwa nimepata leseni ya redio ya ridhaa, na nilitaka kuzungumza na mwenzangu wa Bukavu, kule mwisho wa ziwa, upande wa kusini.

Niliichora antene kwenye kompyuta kwa wiki tatu: fito saba za metali, urefu wa kila mmoja umepimwa kwa milimita, zote zimepangwa juu ya ubao mrefu. Programu ilionyesha mawimbi yakielekea kusini kama mwanga wa tochi. Lakini ubao ulionyooka hatukuupata, tukatumia bomba la aluminiamu. Fundi aliitazama karatasi yangu, akasema fito zikipita ndani ya bomba na kuligusa, lazima ziongezwe urefu kidogo. Nikamjibu kwamba hesabu ilikwisha kufanywa. Akakata kama nilivyoandika.

Tulipoipandisha juu ya paa, kipimo kilionyesha karibu nusu ya nguvu ikirudi kwenye redio badala ya kwenda hewani. Mwenzangu wa Bukavu hakusikia kitu. Jirani yangu, meneja wa hoteli moja ya ufukweni, alikuwa uani akitutazama. Alikuwa anafikiria kumpa fundi kazi ya antene za vyumba vyote. Mbele yake nikasema, "Huyu hajui kupima."

Fundi alishuka ngazi polepole, akafuta mikono.

"Bon," alisema. "Mi nilikata ile wewe uliandika."

Akachukua msumeno wake, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kurudi Mahoko.

Wiki iliyofuata nilifungua mchoro tena na kuona kosa. Kompyuta bado ilikuwa inahesabu kana kwamba fito ziko juu ya ubao. Bomba sikuwahi kuliingiza. Nikakata fito mpya, ndefu kidogo, na antene ikashika. Mwenzangu wa Bukavu alinisikia vizuri, akauliza nani kaijenga. Nikasema ni mimi.

Ningeweza kwenda Mahoko siku ileile. Nilijiambia nina mitihani ya kusahihisha, kisha nikasingizia mvua, na miezi mitano ikapita. Niliposikia kwamba hoteli imempa kazi mtu mwingine, ndipo nilipomfuata meneja kumweleza ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema antene zimeshafungwa.

Nikaenda Mahoko. Fundi alikuwa anachomelea waya wa redio, hakuuweka chini. Nilimweleza yote, hata lile jibu nililompa mtu wa Bukavu. Aliuliza jambo moja tu: niliongeza fito kwa kiasi gani. Nilipomtajia, akaitikia kwa kichwa. Akasema naye angeongeza hivyohivyo.

"Ungekuja wakati hoteli ilikuwa bado kuchagua mutu," alisema, "ingenisaidia."

Nilimwomba aje nyumbani Jumapili asikie Bukavu kwa masikio yake. Alikubali kwa adabu, akanisindikiza hadi barabarani. Huu ni mwaka wa pili, hajaja, na kila nikipita Mahoko nikiwa kwenye moto, najikuta natazama upande mwingine.